Ufundi wa Kulala Chali

Susu, nyanya yangu mzaa baba, hakujua neno yoga. Alijua mukwa, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso na kushikilia mtungi wa maji mgongoni, kutoka kwenye mchanga wa mto mpaka nyumbani kwetu upande wa Kitui. Akishatua mzigo hakukaa. Alitandika gunia chini ya mwembe, akakunja leso akaiweka kichwani, akalala chali, viganja vikitazama juu. Sisi wajukuu tulikatazwa kumsemesha. Tulidhani ni uzee.

Miaka mingi baadaye, Nairobi, mwalimu wa yoga alitulaza vivyo hivyo mwisho wa kipindi. Akasema huo ni shavasana, mkao wa maiti. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 15, kinausifia kuondoa uchovu na kutuliza akili. B.K.S. Iyengar naye, katika kitabu chake cha 1966, aliuweka miongoni mwa mikao iliyo migumu kabisa kuimudu. Nilicheka. Kulala tu? Dakika ya tatu nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kodi ya nyumba, nimemjibu mtu niliyegombana naye juzi, na meno nimeyauma.

Mwili hautui kwa mkupuo. Unaanza na nyayo, uziache ziangukie nje. Kisha magoti, mwenye kiuno kibovu atie gunia lililokunjwa chini yake. Mabega. Taya. Pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia, na mapigo ya moyo yatapungua yenyewe.

Paji la uso ndilo hunishinda. Mwalimu akisema tulilegeze, namwona susu na alama ya mukwa, kijifereji kilichovuka paji lake na ambacho hakikufutika hata alipoacha kubeba. Nzi walipenda kutua pale, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza, ndiyo maana najua: ngozi ile ilikuwa ya mwisho kulegea. Ikishalegea, mdomo ulifunguka kidogo, naye alikuwa ameshakwenda.

Wapo wanaouita usingizi wa mchana uvivu. Hao hawajachimba matuta ya fanya juu huko Mbooni, Makueni, ambako wanawake wa mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja, waliurusha udongo upande wa juu wa mtaro, jembe kwa jembe, mpaka mlima ukashikika. Hata hivyo siafiki kwamba pumziko ni mshahara wa kazi iliyokwisha. Susu alilala kazi ikiwa nusu, na jioni alirudi mtoni.

Ukiwa mjini Wote au Mwingi, jaribu saa nane, jua likiwa kali. Dakika 10 zatosha. Ukiinuka, geukia ubavu kwanza, usikurupuke. Na kama ni Januari, tandika gunia lako mbali kidogo na matawi: maembe yameiva.