Françoise Hardy na Maneno Yake

Katika waimbaji waliotokea Ufaransa baada ya mwaka 1960, wamo ambao sura zao zilijulikana upesi kuliko maneno yao. Françoise Hardy ni wa mbele miongoni mwao. Alizaliwa Paris tarehe 17 Januari 1944, akafa tarehe 11 Juni 2024, na katika muda wote huo magazeti yalizoea kumtaja kwanza kwa urefu wake, nywele zake, na nguo alizoshonewa na mafundi kama Paco Rabanne; kisha kwa sauti yake; na mwisho, ikiwa nafasi imebaki, kwa utunzi wake. Mpango huo wafaa kupinduliwa. Uzuri ni majaliwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwenyewe hakuficha. Maneno ndiyo aliyoyatafuta kwa jasho, na kwa hayo ndiyo yampasa kuhukumiwa.

Alilelewa na mama aliyebaki peke yake na binti wawili, kwa kuwa baba alikuwa na mke mwingine na kufika kwake kulikuwa kwa nadra. Alipofaulu mtihani wa kumaliza shule alizawadiwa gita, akaanza kutunga kwa kujifunza mwenyewe. Mwaka 1961, hali ana miaka 17, kampuni ya santuri iitwayo Vogue ilimwandikia mkataba. Santuri yake ya kwanza, ya mwaka 1962, ilikuwa na nyimbo nne, na tatu ni zake. Kampuni iliutegemea ule wa nne, uliogeuzwa kutoka Kiingereza. Wasikilizaji wakauacha, wakauchukua wake, “Tous les garçons et les filles”. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1962, Wafaransa walipokuwa wakingoja mbele ya televisheni matokeo ya kura ya kuamua namna ya kumchagua rais, huyo binti alitokea akaimba. Baada ya hapo hapakuwa na nyumba asimojulikana.

Wimbo wenyewe wasema habari ya msichana aendaye peke yake njiani akitazama vijana wenzake wakipita wawili wawili. Maneno yake ni mepesi, ya kila siku, na yanarudiwa sana. Wako waliosema kuwa huo ni utoto, si utunzi, na shutuma hiyo haistahili kupuuzwa. Urahisi una asili mbili: kuna urahisi wa mtu asiye na maneno, na kuna urahisi wa mtu aliyekuwa nayo mengi akayaondoa. Kwa wimbo mmoja wa kijana wa miaka 18 hapana awezaye kusema kwa yakini ni upi kati ya hizo mbili. Ushahidi ulikuja baadaye.

Na haukuja upesi. Baadhi ya nyimbo zilizompa sifa katika miaka iliyofuata hazikuwa zake. “Mon amie la rose” ya 1964 ilitoka kwa Cécile Caulier. “La maison où j’ai grandi” iligeuzwa kutoka wimbo wa Adriano Celentano wa Italia. “Comment te dire adieu” ya 1968 ilipata maneno ya Kifaransa kwa Serge Gainsbourg, naye aliifunga kwa kina kimoja kigumu, cha herufi x, akafika hadi kuingiza majina ya bidhaa za dukani ili kina kipatikane. Ni ufundi wa kuchekesha na kustaajabisha. Lakini msikilizaji huyatazama mapambo hata akasahau kuwa mtu anaagana na mpenziwe. Bibi Hardy akitunga mwenyewe hafanyi hivyo kamwe. Kwake kina ni mtumishi, tena mtumishi asiyeonekana.

Mwaka huo wa 1968 aliacha kuimba jukwaani. Watu waliona kuwa ni hasara, kumbe ndiyo faida. Mwimbaji wa jukwaa hana budi kuwatosheleza watu elfu; aimbaye katika chumba cha kurekodia humwambia mmoja, karibu na sikio. Tunda lake ni “La question” ya mwaka 1971, ambayo muziki wake mwingi ulitungwa na Tuca, mwanamke wa Brazil. Santuri hiyo haikununuliwa sana ilipotoka. Hata hivyo, humo ndimo ule urahisi wa kwanza unapojulikana asili yake: sentensi ni fupi, sifa chache, na kimya kimeachiwa nafasi yake. Anayeimba si msichana anayesikitika tena, bali ni mwanamke anayeuliza na kujua kuwa hatajibiwa.

Miaka miwili baadaye ikaja “Message personnel”. Sehemu iimbwayo ni ya Michel Berger. Maneno yasemwayo mwanzoni, bila kuimbwa, ni ya Bibi Hardy. Yafaa kuyasikiliza kwa makini. Mtu anataka kukiri pendo kwa simu, anasita, anajirudi, anaogopa kudharauliwa. Berger ndiye aliyeleta sauti tamu ya wimbo, lakini bila ule utangulizi wimbo ungekuwa mzuri tu, kama nyingi nyingine.

Aibu yake kubwa ni ufinyu. Alizunguka jambo moja, pendo lisilolipwa, kwa zaidi ya nusu karne, na zimo santuri ambamo kuzunguka huko kwachosha. Baada ya kumbukumbu zake kutoka mwaka 2008, wengi walizidi kuzisoma nyimbo zake kama barua kwa mumewe, Jacques Dutronc. Huo ni uvivu wa kusoma: barua hufa ikishamfikia mwenyewe, na nyimbo hizi hazijafa.

Mwaka 1988 alitangaza kuwa ametoa santuri ya mwisho. 1996 akarudi na “Le danger”, yenye magita makali. Kisha, mwaka 2004, ugonjwa wa saratani ulipogunduliwa, alitoa “Tant de belles choses”. Humo mama anamwaga mwanawe. Hakuna kilio wala swali. Anamhesabia mema yatakayobaki duniani yeye akiisha kwenda, kwa maneno mepesi kama yale ya mwaka 1962. Mwaka 2006 Chuo cha Ufaransa, kinachoitunza lugha ya Kifaransa, kilimpa nishani kuu ya nyimbo. Waliotoa nishani hiyo hawakuwa wakitazama picha.