Nani Kakwambia ni Kali?

Mjini Dodoma, filamu nyingi hutazamwa kwa sababu mtu fulani alisema itazamwe. Anaweza kuwa kijana wa duka la movie pale Majengo, mwenzako wa chumba Chuo Kikuu cha Dodoma, au dereva wa bodaboda aliyekesha na sizoni ya Kikorea hadi macho yakawa mekundu. Uhakiki wa gazetini una nafasi ndogo mno katika uamuzi huo. Kwa hiyo kabla ya kuipima filamu, yapaswa kupimwa kwanza maneno ya anayeisifia. Kusifia filamu ni kazi yenye mafundi wake, na wababaishaji nao hawakosekani.

Fundi hujulikana kwanza kwa maswali. Dukani kuna meza moja, kompyuta iliyojaa vumbi la kiangazi, spika mbili zinazonguruma hadi barabarani, na karatasi za majina ya filamu zilizobandikwa ukutani. Mteja anatoa flashi, anasema anataka ya mapigano, mpya. Mbabaishaji anakopi folda nzima bila kuinua macho. Fundi anauliza: unatazama na nani? Unataka iliyotafsiriwa au yenyewe? Ile ya juzi uliimaliza? Swali hilo la mwisho ndilo linalomtofautisha na wenzake, kwa kuwa filamu iliyoachwa katikati humweleza mtazamaji vizuri kuliko anavyoweza kujieleza mwenyewe. Aliyeacha sizoni kwenye kipande cha nne hahitaji nyingine ndefu zaidi. Jumong, tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2006 na 2007, ina vipande 81. Kumpa mtu mzigo kama huo bila kumwuliza ana jioni ngapi za bure ni kumdhulumu.

Swali la kutafsiriwa nalo si dogo. Tanzania ina jadi yake ya watafsiri wa filamu, wale wanaozungumza juu ya picha, wakieleza, wakitania na kuongeza viungo vyao. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ndiye aliyeipa kazi hiyo heshima kubwa, na DJ Mark akawa miongoni mwa waliovuma katika fani hiyohiyo. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Matthias Krings, aliandika utafiti kuhusu sanaa hii na kuupa jina linaloifananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Kampala nako wapo, wanaitwa ma-VJ, na filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 haielezeki bila sauti ya VJ Emmie inayoshangilia kila risasi.

Hapo ndipo maoni mengi yanapopotoka. Mtu anarudi nyumbani akisema filamu fulani inachekesha kupindukia. Mwenzake anaitafuta, anaipata isiyotafsiriwa, anakaa saa mbili na hacheki hata mara moja. Hakuna aliyedanganya. Wa kwanza alicheka kwa maneno ya mtafsiri, wa pili akaletewa wali mkavu. Msifiaji mzuri hutaja toleo: hii itazame iliyotafsiriwa, na umtafute mtafsiri fulani. Na anayetaka kujua kama sifa ni za filamu au za mtafsiri amwulize msifiaji kuhusu tukio lisilo na mazungumzo. Akilikumbuka, akaeleza nani alisimama wapi na mlango ulifungukaje, basi filamu yenyewe ilimwingia. Akibaki na vichekesho tu, pongezi zimwendee mtafsiri.

Mahali filamu ilipotazamwa pana uzito wake pia. Barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina takribani kilomita 450, na kwa miaka mingi mabasi yamekuwa sinema za abiria. Filamu inaanza mji ukiwa bado haujaisha, inakatwa kwa chakula Morogoro, inaendelea mtoto wa kiti cha nyuma akilia, na mtu anashuka Kibaigwa kabla adui hajakamatwa. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa imewapunguzia wengi safari hiyo, lakini maoni yaliyozaliwa ndani ya basi bado yanazunguka mjini. Anayeiponda filamu aliyoitazama hivyo asisikilizwe sana. Anayeisifia asikilizwe kidogo zaidi, kwani filamu iliyoweza kumshika mtu katikati ya honi na harufu ya mahindi ya kuchoma ina nguvu fulani ndani yake.

Kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, kina hali yake. Humo watu hubanana kwenye mabenchi, wakishangilia kwa sauti moja, na filamu kama Commando ya mwaka 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger anapambana peke yake na jeshi zima, huwa tamu kuliko ilivyo sebuleni. Raha hiyo ni ya kweli. Ila haibebeki kwenye flashi.

Kosa linalouma kuliko yote ni kumaliza uhondo. Watazamaji wa Tanzania wana msemo kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi, na filamu inayothubutu kumuua steringi hutegemea mshtuko huo. Anayelitoboa hilo barazani amewaibia wenzake. Lakini kukataa kusema chochote nako hakusaidii. Mfano mzuri wa namna ya kusema ni T-Junction ya Amil Shivji, filamu ya mwaka 2017. Inatosha kusema hivi: Fatima yuko hospitalini, anakutana na mgonjwa aitwaye Maria, na Maria anaanza kumsimulia habari za watu wa njia panda moja, Fatima anarudi tena na tena kusikiliza. Hapo msikilizaji ameshapewa watu, mahali na hamu. Kilichompata Maria kimebaki salama ndani ya filamu.

Mwendo wa filamu nao unastahili kutajwa waziwazi. Vuta N'kuvute, filamu nyingine ya Shivji, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na wengi huisifia kwa kutaja Toronto, kisha wananyamaza. Sifa hiyo haimsaidii mtu aliyekaa kwenye kochi Nkuhungu na remote mkononi. Kinachomfaa ni kuambiwa kwamba filamu hii ya Zanzibar ya miaka ya 1950 inakwenda polepole, inaziachia sura za watu na mwanga kazi ambayo filamu nyingine huiachia maneno, na kwamba mwenye haraka aiache hadi siku yenye utulivu. Maoni ya aina hiyo hayaipandishi filamu wala kuishusha. Yanampa mtazamaji nafasi ya kuchagua.

Kwa filamu hiyohiyo kuna mtego mwingine. Riwaya ya Adam Shafi ambayo filamu imetokana nayo, iliyotoka mwaka 1999, imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita. Baadhi yao wanaingia kwenye filamu wakiwa na orodha ya sura wanazozisubiri, na kila inayokosekana wanaihesabu kuwa kasoro. Malalamiko yao yana haki yake, ila ni ya wasomaji. Anayewasikiliza awaulize: ungekuwa hujasoma, ungechoka wapi?

Kuna ujuzi ambao kila mtu anao na hauthaminiwi vya kutosha. Muuguzi wa hospitali ya mkoa ndiye anayejua kama dripu ya kwenye filamu imefungwa kama inavyofungwa wodini. Dereva wa bodaboda anajua pikipiki gani isingeweza kukata kona ile. Na mtazamaji wa Bahi au Mpwapwa, aliyekulia kwenye mibuyu na nyumba za tembe zenye paa la udongo, akiona minazi imesimama nyuma ya kijiji kinachodaiwa kuwa cha bara, ana kila sababu ya kulisema. Watayarishaji wanapaswa kulisikia hilo. Nyanda za kati zina sura yake, na kuzibadilisha kwa kichaka chochote kilicho karibu na Dar es Salaam ni uzembe.

Msifiaji wa kuaminika pia ana vitu asivyovipenda, na anavitaja. Asifiaye kila kitu hana kipimo. Mapenzi nayo huziba masikio: tangu mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, wapo wanaozisifia filamu zake zote kwa kiwango kimoja, kana kwamba kutofautisha ni kumkosea marehemu. Heshima anayostahili msanii wa ukubwa wake ni filamu zake kutazamwa kwa makini, moja baada ya nyingine, na kusemwa ni wapi aling'ara kuliko kwingine.

Tahadhari ya mwisho ni ya sebuleni. Nyumba nyingi za Dodoma zina runinga moja, na mbele yake wanakaa watoto, dada wa kazi, shangazi aliyetoka Kondoa na mgeni aliyekuja kwa kikao cha serikali. Mapendekezo yasiyosema filamu inatazamwa na nani hayajakamilika. Wenye busara husema mapema: hii usiitazame na wazazi. Maneno machache hayo yameziokoa familia nyingi na kile kimya kizito kinachofuatiwa na mtu kutafuta remote chini ya mto.

Anayetaka kujaribu vipimo hivi aanze na Binti ya Seko Shamte, filamu ya mwaka 2021 kuhusu maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Watazame watatu au wanne pamoja, kisha kila mmoja ataje tukio moja lililomkaa na mtu mmoja anayedhani litamgusa. Na ikiwapendeza, wampeleke huyo mtu kwenye jukwaa la kulipia au king'amuzi badala ya kumjazia flashi. Watengenezaji wa filamu za nyumbani hawapati hata senti moja kutoka kwenye kopi ya bure, na filamu inayofuata inahitaji fedha.