Injini Nayo Ina Kwao

Anayejiundia gari nyumbani husifiwa kwa kazi ya mikono: alivyochomelea, alivyopiga riveti, alivyokunja bati. Mimi namsifu kwa kazi isiyomchafua hata kidole. Kabla hajashika spana huwa amekaa na kalamu na karatasi, akaamua aunde gari gani na alitie injini gani. Kupanga ni kuchagua, twasema, na katika ufundi huu msemo huo una uzito wa chuma.

Uingereza ndiko ufundi huu ulikokomaa. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa Lotus Seven, gari la viti viwili lenye fremu ya mabomba ya chuma iliyovikwa bati la alumini, pasipo pambo. Liliuzwa pia kwa vipande, mnunuzi aliunge mwenyewe, maana hivyo lilikwepa kodi ya ununuzi iliyotozwa magari mazima. Mwaka 1973 kodi ya ongezeko la thamani ilishika nafasi yake na unafuu ule ukaisha. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza, na watu hawakuacha kujiundia. Kumbe kodi ilikuwa kisingizio tu. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu cha kuonyesha kwamba gari la mtindo huo laweza kuundwa hata kwa pauni 250, ukichinja Ford Escort kuukuu na kuchukua injini, giaboksi na ekseli yake.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Gari la aina hii huwa na kilo 500 hivi. Litie injini ya nguvu za farasi 100, na kila tani imepata farasi 200. Gari la familia la kilo 1,500 litataka farasi 300 kulifikia. Basi anayeanza kwa kuuliza injini ipi ina nguvu zaidi ameanzia mkiani. Injini kubwa haiji peke yake: yadai redieta pana, klachi ngumu, difu nene na breki za kuizuia. Kila kimoja kina kilo zake, na pua ikishazidiwa, gari hugoma kukata kona.

Hesabu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo inayompambanua fundi. Injini ina kwao. Ilibuniwa kwa ajili ya chombo fulani, na ukiihamisha huja na desturi za huko kama mgeni. Ile ya Escort ya zamani ililala kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ndani ya gari la mtindo wa Seven inajiona nyumbani. Injini ya Rover K ni ya alumini, nyepesi, ya kutamanika. Lakini ilizoea kulala kwa upana na kuvuta magurudumu ya mbele. Ukiigeuza, utaitafutia giaboksi nyingine na kuipitishia upya mabomba ya maji, tena kwa uangalifu, maana ikichemka gasketi ya silinda hedi haina msamaha.

Injini ya pikipiki ndiyo mtihani wenyewe. Suzuki Hayabusa, iliyotoka mwaka 1999, ina sentimita za ujazo 1,300 hivi na nguvu za kutosha kulirusha gari jepesi. Giaboksi imo humohumo. Lakini pikipiki hiyo hairudi nyuma kwa gia, kwa hiyo na gari nalo halitarudi mpaka uliundie njia. Zaidi ya hapo, pikipiki hulala inapokata kona, na oili hubaki kwenye kitako cha sampu, yaani bakuli lake. Gari halilali, oili hukimbilia ubavuni, pampu ikanyonya hewa, na beringi zikaungua kabla dereva hajasikia lolote. Ndiyo maana fundi makini huweka vizuizi ndani ya sampu kabla ya safari ya kwanza. Ili kuviweka, ilimbidi kwanza aifikirie pikipiki inavyoishi.

Serikali ya Uingereza nayo ina neno. Gari la kujiundia hukaguliwa breki, taa, mikanda, ncha kali na moshi kabla ya kupewa namba, na kipimo cha moshi hufuata umri wa injini. Aliyenunua injini bila hati za kuthibitisha umri huo amejinunulia ubishi.

Kwa hayo yote, wengi siku hizi huchinja Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989: injini kwa urefu, msukumo nyuma, kila kipuri kimezoeana na mwenzake. Wapo wanaouona uchaguzi huo kuwa wa woga. Mimi naona kinyume chake. Kuikataa injini inayonguruma, ukijua majirani wangeipigia makofi, kwataka moyo kuliko kuinunua. Kwa hiyo nikionyeshwa gari la mtu, siulizi lina farasi wangapi. Namuuliza ni injini zipi alizoziacha, na kwa nini. Na aliye fundi kweli huwa na majibu marefu.