Kiuno cha Nyigu

Waandishi wenzangu, mbona mrembo wa hadithi zetu hali chakula? Tunampa kiuno cha nyigu, basi, kamaliza kazi. Wali wa Kyela unanukia mtaa mzima, usipa wa Matema uko mezani, yeye eti kashiba. Nasi twaita madaha! Kule Nadroga, Fiji, televisheni iliingia 1995. Kufikia 1998 wanafunzi wa kike 11 katika kila 100 walioulizwa walikiri kujitapisha ili wapungue. Huo ni ugonjwa, si maringo. Bara, televisheni ilianza 1994, na Miss Tanzania ikarudi mwaka uleule. Lakini msichana wetu akizimia paredi, tunaandika kazidiwa na mapenzi. Katika kurasa zote hizo, hakuna anayemwuliza kala nini tangu jana.