Tamthilia za Kutazamwa, Zikipimwa Kutoka Dodoma

Mpenzi wa tungo akiulizwa ni tamthilia ipi ya televisheni inayofaa kutazamwa, aghalabu husita kujibu. Husita kwa kuwa amezoea kuihesabu televisheni kuwa mgeni mwenye makelele, aliyeingia ukumbini na kuwanyamazisha bibi na babu waliokuwa wakitoa hadithi. Huku Visiwani mgeni huyo ni wa siku nyingi, kwani TVZ ilianza kurusha picha za rangi katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake vya kwanza. Hata hivyo, lawama hiyo haimtendei mgeni haki. Tamthilia ya mfululizo ni ndugu wa karibu wa hadithi iliyofunguliwa kwa "paukwa, pakawa". Huja usiku, hukatwa pale hasa msikilizaji anapotamani kuendelea, na asubuhi huwa ndiyo mazungumzo ya kisimani na barazani. Maadamu ni hadithi, inafaa ipimwe kwa mizani ya hadithi. Makala haya yanapendekeza mizani ambayo haikutoka pwani. Imetoka Dodoma, kwenye uwanda wa kati ambao watu wa pwani huujua kwa ukame, zabibu na vikao vya Bunge, na ambao una historia ya pekee katika habari ya hadithi za mfululizo nchini Tanzania.

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mtindo wake ulikuwa na asili ya mbali. Miguel Sabido wa Mexico alikuwa amekwisha kuonyesha, katika tamthilia za televisheni za miaka ya 1970, kwamba mtazamaji hujifunza zaidi akipewa wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na yule aliye katikati, anayevutwa huku na huku na ambaye mtazamaji hujiona ndani yake. Katika mchezo wa Redio Tanzania, mwovu aliyekumbukwa kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Alimdharau mkewe, Tunu, na mwishowe akafa kwa Ukimwi. Tunu alikuwa wa katikati: alianza kwa kuvumilia, akamalizia kwa kujitegemea.

Mchezo huo ulisikika sehemu kubwa ya nchi, ila si Dodoma. Kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wa redio wa Dodoma ulirusha vipindi vingine saa ile ile, ili watafiti wapate kuwalinganisha waliosikia na wasiosikia. Mwaka 1995 mchezo ukafunguliwa huko pia. Watafiti hao, miongoni mwao Everett Rogers na Peter Vaughan, walichapisha matokeo yao mwaka 1999. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi pale mchezo uliposikika. Na Dodoma nako yalipanda baada ya mchezo kufika.

Mtaalamu wa takwimu ataridhika na matokeo hayo. Mhakiki wa fasihi ana sababu ya kuyatazama zaidi. Washairi wamedai tangu zamani kwamba neno lina nguvu ya kumgeuza mtu, na dai hilo hukubaliwa kwa heshima bila ya kudaiwa ushahidi. Hapa ushahidi ulipatikana, na bei yake ilikuwa ukimya wa miaka miwili katika mkoa mzima. Hadithi iliyonyimwa Dodoma haikuwa ya kuchekesha tu. Ilibeba onyo juu ya maradhi ambayo miaka ile yalikuwa yakiua na hayakuwa na dawa ya kuyazuia iliyomfikia mwananchi wa kawaida. Yeyote anayesema kwamba tamthilia ni mchezo tu wa kupotezea wakati, na atafakari kisa hicho kwanza.

Kutokana na kisa hicho hupatikana mizani. Tamthilia inafaa kutazamwa ikiwa neno linalotamkwa leo humrudia msemaji kesho. Mkwaju alijigamba katika sehemu za mwanzo, na majigambo yake yakamrudia sehemu kwa sehemu hadi kitandani alipofia. Msomaji wa mashairi hahitaji kufundishwa jambo hili, kwani ndiyo kazi ya kina: sauti iliyoachwa mwishoni mwa kipande hurudi, na ikirudi husikika kwa uzito ambao haikuwa nao mara ya kwanza. Tamthilia nyingi za siku hizi hazina kina cha namna hiyo. Mtu husaliti leo, akasamehewa kesho bila ya sababu, na keshokutwa akasaliti tena. Kwa mizani hii, tatu zinastahili kupendekezwa.

Ya kwanza ni Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012. Jina lake limechukuliwa katika methali inayojulikana pwani nzima, kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Mandhari yake ni Bagamoyo na Dar es Salaam. Katikati yupo Cheche, kijana mpiga picha mwenye jicho zuri na moyo usiotulia. Yupo mkewe Cheusi. Na yupo Mzee Kizito, mwenye wake zaidi ya mmoja na nyumba yenye mambo mengi kuliko milango yake. Tamthilia hii ni mtoto halali wa Twende na Wakati, kwani nayo ilitengenezwa kwa fedha za msaada wa Marekani kwa shabaha ya afya: Ukimwi, uzazi wa mpango na uaminifu wa ndoa. Shabaha ya namna hiyo huua sanaa mara nyingi, kwa sababu mhusika husimamishwa katikati ya chumba akahutubia. Hapa hotuba ni chache. Waigizaji huachiwa nafasi ya kunyamaza, na kamera huachiwa nafasi ya kungoja. Uongo wa Cheche kwa mkewe haukemewi na mtu yeyote. Hukaa tu ndani ya nyumba kama maji yanayovuja, mpaka kata inapofika chini ya mtungi.

Kasoro yake ni wingi wa nyuzi. Visa vya pembeni huongezeka, na mara nyingine mtazamaji huhisi kuwa mhusika fulani ameletwa kwa sababu somo fulani lilikuwa halijafundishwa. Lakini Kiswahili chake ni cha watu wanaoishi ndani yake, wenye kukatizana na kuacha sentensi bila ya kuzimaliza.

Mtazamaji wa Dodoma ana sababu yake ya kuitazama Bagamoyo kwa jicho la karibu. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha sauti ya zeze na ilimba katika majukwaa ya Ulaya, aliishi na kufanya kazi yake katika mji huo hadi alipofariki mwaka 2003. Uwanda ulimtoa mwimbaji wake mkubwa, pwani ikampa makao. Tamthilia nayo imekaa katika mji ule ule, lakini safari ya kurudi, ya kutoka pwani kwenda uwandani, haikuifanya.

Ya pili imetoka mbali zaidi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Doudou ni muuguzi katika mji wa Beijing, mwenye ulimi mwepesi na nia safi. Kwa kuwa wazazi wa mumewe wameachana na baba amekwisha kuoa tena, bi harusi huyo hujikuta ana mavyaa wawili wa kuwaridhisha, na kila jema analomtendea mmoja huwa ni kosa kwa mwingine. Jina lake lilipata heshima isiyo ya kawaida mwezi Machi 2013, Rais Xi Jinping alipoitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake jijini Dar es Salaam.

Si siasa inayoipendekeza hapa. Ubora wake ni kwamba haina shetani. Kila mgomvi ana sababu yake, na maneno yaliyosemwa jikoni kwa hasira hukumbukwa sehemu nyingi baadaye, wakati wa ugonjwa au wa msiba, ambapo hapana budi yalipwe. Mtazamaji wa Kondoa au Mpwapwa ambaye hajapata kuiona China hutambua mara moja ukimya wa mama aliyesusa chakula. Lawama iko kwenye lugha. Tafsiri yake ni sahihi lakini imenyooka mno, kama nguo iliyopigwa pasi bila ya kuvaliwa. Pwani inalo neno mavyaa, linalobeba ndani yake heshima, hofu na kicheko. Jina la tamthilia likachagua "mama wakwe", maneno mawili yenye maana ile ile na ladha pungufu. Mshairi akiajiriwa kukaa kando ya mfasiri, kazi ya namna hii itapata uhai maradufu.

Ya tatu haikuandikwa na mtu. Ni vikao vya Bunge mjini Dodoma, katika miaka ambayo vilirushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa. Msomaji asidhani kwamba huu ni mzaha. Tarehe 6 Februari 2008 Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama ukumbini humo humo, akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Hakuna mwandishi ambaye angethubutu kupanga mabadiliko makubwa kiasi hicho katika siku mbili, na aliyetazama aliyaona wakati yanatokea, bila ya kujua mwisho.

Kwa mpenzi wa tungo lipo jambo jingine. Kanuni za Bunge hufanya kazi inayofanana na ile ya arudhi. Mbunge haruhusiwi kumsemesha mpinzani wake ana kwa ana. Kila neno hupitia kwa Spika, na "Mheshimiwa Spika" hurudi katika hotuba kama kibwagizo. Tusi la wazi hufutwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuchoma hulazimika kufumba, na mwenye kufumbiwa hulazimika kufumbua papo kwa papo na kujibu kwa kipimo kile kile. Aliyekulia katika majibizano ya washairi wa Pemba na Mombasa huutambua mchezo huo tangu dakika ya kwanza. Mwaka 2014, lilipokaa Bunge Maalum la Katiba, mchezo ukawagusa watu wa Visiwani moja kwa moja. Swali la serikali mbili au tatu, yaani swali la nafasi ya Zanzibar katika Muungano, lilijadiliwa mbele ya macho yao, na tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA wakatoka nje ya ukumbi huku wakitazamwa.

Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza, kupitia Waziri wa Habari Nape Nnauye, kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Sehemu kubwa ya mijadala ikawa ya kurekodiwa na kuchaguliwa. Gharama ni hoja, na haifai kudharauliwa. Lakini kwa mizani ya makala haya hasara inaonekana wazi. Neno linalotamkwa huku taifa likisikiliza humfunga msemaji, ama neno lililopitia mikononi mwa mhariri humfunga kwa kiasi cha mhariri kupenda. Mara ya kwanza Dodoma ilinyimwa hadithi ya nchi. Mara ya pili nchi ilipunguziwa hadithi ya Dodoma.

Na hata hadithi hiyo ya Bunge, ilipokuwa wazi, ilikuwa ya Dodoma kwa jina zaidi kuliko kwa maisha. Kamera ilikaa ukumbini. Haikutoka nje kuwaona wakulima wa uwele wanaohesabu siku za mvua, wala wavunaji wa zabibu wanaobishana bei na mnunuzi, wala akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme wakiwa wameibana kati ya mapaja. Mwaka 1973 ndipo ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu, na mwaka 2018 ikapewa hadhi ya jiji. Mji uliongojea miaka 45 una visa vya kutosha: vya mwenye kiwanja kilichopimwa akapewa mwingine, vya mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam akaacha nusu ya nyumba yake huko, vya bibi wa kijijini anayeuza mlenda kwa wageni wasiojua kuula.

Basi atakaye kutazama na aanze na Siri ya Mtungi, kisha Doudou, na akiwa na subira atafute kumbukumbu za Bunge la 2008 na 2014, ama kwa picha ama katika taarifa rasmi za mijadala. Akimaliza, ajiulize ni Mkwaju na Tunu gani wangezaliwa Bahi au Kongwa lau mwandishi angekwenda kukaa huko msimu mmoja wa kilimo na kusikiliza. Mtungi wa Dodoma umejaa. Inayongojewa ni kata.