Kuwatafuta Kina Ma Kutoka Makina

Maalim mmoja wa Makina, hapa Kibera, alipopata habari kwamba Kurani Tukufu ilifasiriwa kwa Kichina na mtu aitwaye Ma, na kwamba Ma mwingine aliandika juu ya merikebu za amiri Zheng He, na Ma wa tatu alifunga safari ya hija mwaka 1841, aliniita baada ya sala ya alasiri akaniuliza: “Mwanangu, hawa kina Ma ni ukoo mmoja?” Nikamwomba siku mbili. Zikawa wiki tatu, na haya ni maelezo ya namna kazi yenyewe ilivyofanyika, pamoja na mahali nilipopotea.

Nilipotea mapema. Nikiwa nimeketi katika saiba karibu na soko la Toi, nikilipa kwa dakika, niliandika herufi mbili tu katika kisanduku cha kutafutia cha hazina moja ya tasnifu za chuo kikuu, nikaletewa kazi tele juu ya maji, mirathi na mahindi, zisizo na Mchina hata mmoja ndani yake, kwa kuwa programu haikutofautisha herufi kubwa na ndogo, na shahada ya uzamili, kwa ufupisho wa Kiingereza, nayo ni M na A. Ikanibidi nifunge utafutaji ndani ya sehemu ya mwandishi peke yake. Tasnifu zikapungua, walakini wakabaki wote ambao majina yao ya mwanzo yamefupishwa kwa herufi zizo hizo, nao Nairobi si haba. Isitoshe, Wachina hutanguliza jina la ukoo ndipo wakafuatisha la mtu, na mtunza faharasa asiyelijua hilo huyageuza, Ma Huan, yule wa merikebu za Zheng He, akaingizwa chini ya herufi H, asionekane tena.

Dawa yake ni kuziacha herufi za Kilatini na kutafuta kwa khati ya wenyewe. Ma huyu maana yake ni farasi, na aghalabu husemwa kwamba Waislamu wengi wa China walilichukua jina hilo kwa kufanana na silabi ya jina la Mtume Muhammad. Khati ya zamani humchora farasi kwa mistari kumi, nukta nne za chini zikiwa miguu yake. Khati iliyorahisishwa kuanzia mwaka 1956 humchora kwa mistari mitatu tu, miguu yote imekuwa mstari mmoja. Kwa jicho la msomaji ni mnyama yule yule, ila kwa kompyuta ni farasi wawili wenye namba mbili mbalimbali, na maktaba isiyowaunganisha humlazimu mtu atafute mara mbili: kwa wa zamani, vitabu vya Taiwan na Hong Kong, na kwa wa sasa, vile vya Beijing.

Jina la pili nalo lina mitego yake. Yule haji wa 1841 ni Ma Dexin, aliyeanza kuifasiri Kurani kwa Kichina. Katika vitabu vya Kiingereza vya zamani ni Ma Te-hsin, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilihamia tahajia ya sasa mwaka 2000 tu. Ma Jian ndiye aliyenitesa zaidi, kwani wako wawili: mmoja, aliyezaliwa 1906 na kufariki 1978, alisoma Al-Azhar na ndiye mfasiri wa Kurani nzima, wa pili, aliyezaliwa 1953, ni mwandishi wa riwaya anayeishi London. Kwa Kilatini hawatofautiani hata nukta, na mwaka wa kuzaliwa ndio uliowatenga.

Hapo nikakumbuka kwamba mfasiri yule, kwa Kiarabu, huitwa Muhammad Makin. Nikaandika Makin na kinyota mwishoni, ili nipate kila umbo la jina hilo, nikaletewa makala juu ya Wanubi wa Kibera, ardhi yao na mtaa wa Makina, yaani mahali nilipotoka asubuhi ile kwa miguu. Nilicheka mpaka mwenye saiba akageuka kunitazama. Nilipoliandika jina lote kwa khati ya Kiarabu ndipo ilipotokea tafsiri yake ya maneno ya Confucius, iliyopigwa chapa Cairo.

Zheng He mwenyewe alizaliwa Ma. Jina la Zheng alipewa na mfalme mwaka 1404, kwa hiyo Ma mashuhuri kuliko wote hapatikani chini ya Ma, isipokuwa faharasa iwe na elekezo. Naye Ma Huan, ambaye Maalim alitumai ameandika habari za pwani yetu, ana sura za Aden na Hormuz, hana ya Mogadishu wala Barawa. Hizo zimo katika kitabu cha mwandishi mwingine, Fei Xin, cha mwaka 1436, ambacho utafutaji wa jina moja usingekileta kamwe.

Nilimpelekea Maalim karatasi mbili. Ma Huan ni mtu wa Zhejiang, upande wa mashariki; Zheng He, Ma Dexin na Ma Jian mfasiri wote ni wa jimbo la Yunnan.

“Basi watatu ni majirani,” akasema.

“Ujirani, naam, Maalim. Udugu, sijaona hati.”

Akazikunja karatasi, akaniuliza nauli ya kwenda Yunnan.