Ufundi wa Swali Moja Kuhusu Zuhura

Mwalimu akiandika ubaoni "Taja sayari zote za mfumo wa jua," watoto watanakili nane zote, kuanzia Utaridi hadi Neptune, na kipindi kitakwisha salama. Baada ya wiki mbili, nyingi zitakuwa zimeshasahaulika. Mwalimu fundi huandika swali la namna nyingine: "Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Mbona basi Zuhura ndiyo yenye joto kali kuliko zote?" Jibu la swali hilo halinakiliki. Sharti litafutwe, lilinganishwe, libishaniwe.

Swali la namna hiyo ndilo moyo wa masomo ya uchunguzi mtandaoni, nayo yana chimbuko lake. Mwaka 1995, Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, California, akishirikiana na Tom March, alibuni mtindo wa somo uitwao WebQuest. Ndani yake mna utangulizi, kazi ya kufanya, hatua za kufuata, kurasa za kusoma, vigezo vya kupima kazi, na hitimisho. Kiini chake ni kwamba mtoto haachwi azurure mtandaoni. Mwalimu ameshatangulia, amesoma na kuchuja, ili muda wa mtoto uende kwenye kufikiri.

Huko kuchuja ndiko kazi ngumu iliko, na hakuna anayeiona. Kuna hazina kubwa ya kuchagulia: kurasa za NASA Space Place zilizoandikwa kwa ajili ya watoto, na programu ya Eyes on the Solar System inayomwezesha mtoto kuizungukia sayari na kuupeleka wakati mbele au nyuma. Mwalimu hufungua nyingi, akabakiza chache. Huuacha ukurasa uliojaa matangazo. Huuacha ule unaohesabu bado sayari tisa, ilhali Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiondoa Pluto kwenye orodha hiyo mwaka 2006. Huuacha hata ukurasa mzuri unaotoboa jibu lote katika mstari wa kwanza. Katika shule nyingi za msingi za umma Tanzania, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, anaongeza hatua moja: kwa kuwa kurasa nyingi ni za Kiingereza, anachora jedwali la Kiswahili, na watoto wanatafuta tarakimu, ambazo kila mtu anazisoma.

Jedwali lina safu tatu: umbali kutoka kwenye Jua, joto, na hewa. Watoto wanne wamezunguka kishikwambi kimoja. Wa kwanza anaijaza Utaridi: kilomita milioni 58, mchana joto hufika nyuzi 430 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Wa pili anaijaza Zuhura: kilomita milioni 108, nyuzi 465 hivi, usiku na mchana. Hapo kalamu inasimama. Mmoja anadai mwenzake amekosea, wanarudi kwenye ukurasa, tarakimu ni zile zile.

Mwalimu yuko nyuma yao. Jibu analijua, na hasemi. Anauliza tu, "Safu ya tatu mmeshaijaza?" Wanarudi kusoma. Utaridi karibu haina hewa kabisa. Zuhura imezingirwa na hewa nzito, na kama asilimia 96 ya hewa hiyo ni kaboni dioksidi. "Kumbe imejifunika blanketi!" anasema mtoto. Joto linaloingia halipati njia ya kutoka upesi. Utaridi iliyo wazi hulipoteza kwa wingi jua likizama. Baada ya hapo swali linalofuata huja lenyewe: na Dunia yetu je, ikiongezewa kaboni dioksidi?

Huko kunyamaza kwa mwalimu ndiko kunakonistaajabisha zaidi katika kazi hii. Kulitoa jibu kungechukua nusu dakika. Mwalimu amevumilia kelele, ubishi na saa inayokimbia, kwa sababu anaamini mtoto atafika. Na akifika, anajua pia njia aliyopitia: alilinganisha, akashuku, akahakiki.

Mwalimu unayesoma haya, usingoje chumba kizima cha kompyuta. Simu moja yenye intaneti, kurasa tatu ulizozisoma mwenyewe na jedwali la kuchora kwa mkono vinatosha kuanza. Litafute kwanza swali lenye mbona ndani yake, kisha uwaachie watoto nafasi ya kulijibu.